Kiti cha Baba

Temeke,
14 Agosti 1983

Kaka yangu mpendwa Albano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mikorosho imeanza kutoa maua. Sie huku tunaendelea hivyo hivyo, sabuni ya kupanga foleni na sukari ya kusikia kwa jirani. Mimi ni mzima kabisa. Habari ya baba ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Unakijua kile kijiko kidogo, ile mashine ya kupakia kokoto anayoendesha baba hapa yadi, ninakofanya ufundi. Tangu mwezi wa sita kimeanza vituko. Ndoo ikiwa juu, karibu na lori, mikono yake inagoma ghafla: haipandi, haishuki. Ukisubiri kidogo inakubali, kama mtoto aliyemaliza kununa. Nilibadilisha oili, nikasafisha chujio, nikapapasa mipira yote ya haidroliki, inayopitisha oili ya kuinulia ndoo, mpaka vidole vikachubuka. Nikikaa mimi, wala hakigomi! Wenzangu wa karakana walicheka sana.

Kicheko kiliisha pale meneja wetu, Bwana Sadallah, aliposema kwamba kama mashine haina ubaya kwa fundi, basi dereva anaihujumu. Unajua mwenyewe mwaka huu wa msako wa wahujumu uchumi neno hilo linavyotisha. Alisema Ijumaa atampeleka polisi. Kaka, niliwaka! Nilimwambia kabla ya Ijumaa nitamletea sababu, na nikishindwa anifukuze na mimi.

Basi nikaacha kuitazama mashine, nikakaa juani kutwa nzima namtazama baba. Kila ndoo ilipokaribia lori alijiinua kitini kuchungulia, na hapo hapo ikagoma. Chini ya kiti kile kuna swichi: dereva akiinuka, inafunga haidroliki ili ndoo isimshukie mtu. Kumbe mashine ni nzima kabisa! Nikamwomba apakie bila kuinuka. Akagonga ubavu wa lori. Nikamuuliza ni nani yule aliyesimama pale mbele. Akajibu bila wasiwasi kwamba ni Salumu, mpakiaji. Alikuwa Apolonia muuza uji, na kanga yake nyekundu. Baba haoni, kaka.

Alinivuta pembeni akanibembeleza niunganishe waya za swichi moja kwa moja, kijiko kisigome tena, yaishe kimya kimya. Kumkatalia mzazi si mchezo, lakini wapakiaji wanapita chini ya ndoo ile siku nzima. Nilikataa. Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Ile habari ya hujuma akaifuta, na baba akaachishwa udereva siku ile ile.

Sasa lililobaki lisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Kijiko nimepewa mimi, na nimekubali. Siku ya kwanza niliendesha huku nalia, lakini niliendesha mpaka saa ya kutoka, na kesho nitakwenda tena. Baba anasema nilimtoa kitini ili nikae mimi. Haongei nami, chakula nikimwandalia anakula amenipa mgongo. Daktari wa macho nimeshampata, baba hataki kwenda nami.

Nisalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Baba hakutuma salamu, hajui kama naandika. Njoo, kaka, umshike mkono wewe umpeleke. Wangu ameukataa.

Mdogo wako akupendaye,
Filomena