Kona ya Ndiva

Jumatatu, 3 Novemba

Mishuko minne leo. Yote mibaya. Nimebandika vipande vipya vya tairi kwenye soli za viatu, maana vya zamani vimelika kwa kukanyagia breki. Hilo peke yake linatosha kunisema.

Kutoka kanisani hadi daraja dogo sina shida. Nalala chali juu ya sleji, kigari changu cha kushukia mlima, miguu mbele, kamba mkononi, magurudumu yananguruma. Halafu inakuja kona ya ndiva, pale kwenye bwawa letu la kumwagilia, bonde likiwa upande wa nje, na mguu wa kulia unashuka wenyewe. Sijautuma. Tangu nivunjike mtulinga mwezi Februari, kwenye barafu, kona kama hii hii, sijapita hata moja bila kukanyaga.

Kocha ameandika kutoka Austria. Anataka video: mshuko mzima, bila breki kwenye kona, kabla ya Jumapili. Asipoipata hataniandikisha kwenye mashindano msimu huu. Ana haki. Anayekanyaga katikati ya kona juu ya barafu hupinduka. Mimi ndiye ushahidi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Sijashuka. Nimeshinda jikoni kwa Shangazi, nikikoroga uji na kuwaza.

Nilipokuwa mtoto hapa Mhezi nilikuwa nashuka na ubao wa kusombea kuni, nikichapwa kwa kuchana nguo. Ukubwani nikaenda Austria kuosha vyombo hotelini, nikaona watu wazima, wenye ndevu, wanashindana kushuka njia ya msituni iliyoganda, wamelala chali. Wanafundishwa kuegemea kona. Mimi nilikuwa najua tayari. Misimu mitano sasa nashindana nao. Sijawahi kupanda jukwaani. Nafasi yangu bora ni ya kumi na tisa. Lakini nimeshuka milima ya watu na jina la kijiji hiki limesomwa kwenye kipaza sauti, vibaya, lakini limesomwa. Namshukuru Mungu, sitanii.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua tena. Mfereji umepasuka, barabara imekatika palepale kwenye kona. Korongo la kufika goti. Nimelia, nikaosha uso.

Jioni pembe ya msaragambo imelia. Kesho kila nyumba itoe mtu na jembe, kazi ya pamoja. Siku zote hungoja mvua zipungue kwanza. Hakuna aliyetaja jina langu. Barabara ni ya wote, magunia ya tangawizi yanapita hapo hapo. Hata hivyo najua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepangwa kundi la kubeba mawe kule chini mtoni. Mgongo unauma, roho ilikuwa nyeupe. Jioni nikapanda kuona kona.

Wameweka tuta.

Katikati ya kona. Pana, refu, limeshindiliwa kwa ustadi. Mwenyekiti wa kitongoji amesimama pembeni yake anatabasamu. "Tumeona mguu wako unavyohangaika hapa, binti yangu. Sasa tuta litakupunguzia mwendo, usisumbuke na breki."

Sleji ikigonga kitu kile inaruka, na mimi naenda bondeni. Nikasema asante sana, mzee. Asante! Mwongo mkubwa mimi. Nimekasirika hadi masikio yanawaka, na siwezi hata kumkasirikia mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kazi ya msaragambo haibomolewi na mtu mmoja. Nikipiga jembe pale peke yangu nimewatukana wote, tangu wazee hadi mama wajawazito waliobeba maji. Nimekaa na hilo asubuhi nzima. Shangazi akachoka kuniangalia. "Mficha uchi hazai. Nenda kaseme."

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Shikamoo, marahaba, chai, habari za mvua. Mwisho nikasema. Kwamba tuta litaniua. Kwamba tatizo si mwendo. Naogopa. Nimelala macho tangu Februari kwa kuogopa kona moja, mwanamke mzima. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata kocha, na imetoka kwa sauti ya kitoto.

Hakunipa mawaidha. Aliuliza kitu kimoja tu: nikianguka, naangukia upande gani? Nikamwonyesha kwa mkono. Upande wa bonde. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta pembe yake.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamekuja tena, na leo ni siku ya soko! Walinung'unika, nimewasikia. Tuta limesawazishwa, wakamwagia maji ya ndiva, wakashindilia kwa magogo. Jua likasaidia.

Binamu yangu Eliamini ameshika simu juu ya jiwe, upande wa mlimani. Mshuko wa kwanza nimekanyaga. Wa pili nimekanyaga, kidogo. Nikapanda tena kwa njia ya mkato, sleji mgongoni, nauchukia mguu wangu.

Kabla ya wa tatu Eliamini alipiga mluzi nisubiri. Nilidhani pikipiki inapita. Nikangoja mpaka jasho likapoa. Halafu akapiga tena.

Ukilala chali huoni watu. Unaona njia na ncha za viatu. Daraja. Kona. Nikavuta kamba, nikaegemea, bega likauma. Mguu ulibaki juu. Ulibaki juu!

Nilisimama kule chini, nacheka peke yangu kama kichaa. Eliamini akatuma video kabla mtandao haujakatika. Nilipopanda kona ilikuwa tupu, wote wameshaenda sokoni.

Jumapili, 9 Novemba

Kocha amejibu. Jina langu limeingia. Asante Mungu.

Halafu anauliza: wale ni nani, na mbona wamesimama nje ya kona? Kwenye mashindano hakuna anayeruhusiwa kusimama pale. Ni hatari.

Sikuelewa. Nikafungua video kwa mara ya kwanza. Ukingoni mwa bonde wamepanga magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, na nyuma ya magunia wamesimama watu, bega kwa bega. Mwenyekiti yuko katikati. Shangazi yuko mwisho kabisa, kanga ameifunga kiunoni, mikono ameitanguliza mbele. Hawashangilii. Hakuna hata mmoja aliyeruka nyuma nilipopita.

Nimemjibu kocha kwamba ni watu wa nyumbani.

Baada ya ibada nimekwenda kwa Shangazi. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Njiani nilikuwa nimepanga asante ndefu, yenye kila jina. Nilipomwona ikatoka shikamoo tu.

"Marahaba," akasema, akanisogezea ungo. Tumepukuchua mpaka yakaisha.