Ekra Ilisema Mbele ya Papa

Jumatatu, Kadutu. Mvua imeacha tangu alfajiri lakini anga bado ni jeusi upande wa ziwa, na matope yamefika hadi kizingitini. Kazi yangu iko hapa mezani. Leo sijaigusa.

Afadhali niandike kilichotokea jana kabla sijaanza kukipamba.

Papa, baba yangu mzazi, anaumwa ini. Ni kansa. Wiki tatu zilizopita dokteri aliniita pembeni, Papa akiwa bado anafunga vifungo vya shati, akaniambia umebaki mwezi mmoja, labda miwili. Nilimwomba asimwambie mgonjwa. Kisha nikarudi kwa Papa, nikamwambia ni infeksio ya tumbo na dawa hizi zitaimaliza.

Aliniamini. Hakuuliza hata swali moja.

Papa alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro miaka thelathini akipima mvua. Kila asubuhi alikwenda kutazama kipimo na kuandika milimita kwenye daftari, hata siku ambayo hapakuwa na tone. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini asikadirie tu siku za baridi, nani angejua? Aliniangalia kana kwamba nimemwibia. Mtu huyo ndiye niliyemdanganya wiki tatu nzima, nikimwekea vidonge kiganjani asubuhi na jioni na kumwambia, "Papa, uko unapona."

Sasa ekra, yaani kioo cha kompyuta yangu. Niliinunua sokoni hapa Kadutu, si mpya, kwa ajili ya kazi yangu ya kuchapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu. Ordinateri yenyewe ni ya zamani, haitoi sauti yoyote. Muuzaji akanionyesha ekra yenye spika mbili chini na kamera na mikro ndogo ya kunasa sauti juu ya kioo, vyote humo humo ndani, haihitaji nyaya nyingine. Niliichukua nikimfikiria Papa. Masikio yake yamechoka, na simu humkasirisha. Lakini kupitia ekra hii alimsikia Olivier vizuri kabisa, akacheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mama afariki.

Olivier ni kaka yangu mkubwa, namwita Yaya. Yuko Kinshasa. Tangu vita viingie mjini na uwanja wa ndege ufungwe, hatujamwona ila hapo kwenye kioo, Jumapili mchana. Papa huvaa koti lake kwa ajili hiyo.

Jana asubuhi Papa alikwenda misa na jirani yetu, Maman Zawadi, ambaye humshika mkono kwenye njia ya mteremko. Nilijua nina saa mbili. Umeme ulikuwepo. Nikampigia Olivier, kwa sababu yeye pia nilikuwa nimemdanganya, na kuwadanganya watu wawili kulikuwa kumenilemea.

Tulipoanza tu kusalimiana, mvua ikamwagika. Nyumba yetu ni ya mabati bila dari. Sikumsikia tena, nikapandisha sauti ya ekra mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nikaisogelea mikro na kupiga kelele.

"Yaya, haiko infeksio! Ni kansa. Dokteri alisema mwezi moja, ao mbili."

Aliinamisha kichwa.

"Papa anajua?"

"Hapana. Miye njo nilikatala bamuambie."

"Ulifanya muzuri."

Nitakuwa mkweli: nilifurahi aliposema hivyo. Nilitaka mtu aniambie kwamba nilifanya vizuri. Kisha nikamuuliza kama atakuja.

"Nipite wapi, Furaha? Ndege hakuna."

"Batu banazunguka kwa Rwanda. Banafika."

Alijifuta uso kwa kiganja. Sauti yake ikatoka kwenye zile spika ikiwa kubwa kuliko yeye mwenyewe, ikajaza nyumba nzima.

"Nikuambie ukweli. Hata ndege ingekuwa, singekuya. Siwezi kumuona Papa anakufa. Mumuzike tu. Miye nitalia matanga huku."

Upepo wenye mvua ulinipiga mgongoni. Nikageuka.

Mlango ulikuwa wazi. Papa alikuwa amesimama ndani, maji yakimtiririka kwenye koti. Nyuma yake Maman Zawadi alikuwa ameshika mwavuli na kuziba mdomo kwa mkono. Maumivu yalikuwa yamemshika Papa katikati ya misa, akaomba arudishwe. Mvua ilikuwa imenizuia kusikia mlango.

Olivier naye alikuwa amemwona.

Papa alivuta kiti changu. Nikasimama, akakaa mbele ya ekra akiwa vile vile amelowa.

"Olivier, rudilia. Ile ya mwisho."

"Papa..."

"Nimesema rudilia. Mvua iko na makelele."

Picha ya Olivier ikazimika. Lilibaki duara lenye herufi O, na alama ndogo ya mikro iliyopigwa mstari. Nilidhani simu imekatika, lakini haikuwa imekatika. Alikuwa amejificha. Mtu mwenye miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu, amejificha nyuma ya herufi moja.

Papa akasema na hiyo herufi.

"Sikuombi ukuye. Ile barabara, ata miye singeipita. Lakini usingojee matanga. Matanga sitaisikia. Kama uko na kitu ya kuniambia, uniambie sasa."

Maman Zawadi aliweka mwavuli chini na kuondoka kwenye mvua bila huo mwavuli.

Tulingoja. Ule mstari kwenye mikro ukaondoka, na kabla ya neno lolote zilikuja pumzi zake, nzito, kwa sauti ya juu kabisa, kwa maana hakuna aliyekuwa ameishusha.

"Papa, niko naogopa."

"Ata miye," Papa akasema.

Papa aliweka kiganja chake juu ya kioo kwa muda, kisha umeme ukakatika na ekra ikawa nyeusi.

Hapo ndipo aliponigeukia.

"Na weye. Ile dawa ni ya nini?"

"Ya maumivu, Papa."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

Aliinuka peke yake, akakataa mkono wangu, akaenda chumbani kubadili nguo. Jana jioni hakula. Nilimpelekea vidonge, akavitazama, akavichukua mwenyewe kutoka kwenye sahani badala ya kiganja changu.

Nimejitetea kichwani usiku kucha na mchana huu wote. Nilitaka alale vizuri. Nilitaka acheke Jumapili. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna kweli nyingine: niliogopa uso wake. Nilimwibia wiki tatu ambazo angejua afanye nini nazo, ili mimi nisiuone uso wake. Nilimkasirikia Olivier kwa kukimbia, na mimi nilikuwa nimekimbia nikiwa ndani ya nyumba hii hii.

Olivier ameandika asubuhi. Anauliza kama anaweza kupiga kila siku, si Jumapili tu. Nilimsomea Papa ujumbe huo nikiwa mlangoni. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuniangalia.

Saa tisa alitoka sebuleni, akakaa. Alisema neno lake la kwanza kwangu tangu jana.

"Ule dokteri, nataka nimuulize miye mwenyewe. Peke yangu."

"Tutaenda kesho, Papa."

"Na usimupigie mbele ya kufika."

Nilikuwa tayari nimeshika simu mfukoni. Nimeiweka mezani, mbele yake.

Kesho saa tatu tutashuka polepole kwa dokteri, nitamshika mkono akikubali. Ataingia na kufunga mlango. Mimi nitakaa nje kwenye benchi. Atakachoambiwa humo ni chake. Akitaka kunigawia, nitakisikiliza chote. Asipotaka, nitamrudisha nyumbani na sitamuuliza.