Damu Yangu, Macho ya Shida

Jumatano, 3 Machi 1999
Kesho kipimo! Nimefika Mwanza, nipo kwa shangazi Evalina. Miezi minne tangu wanipasue Nairobi — walipitia puani, wakatoa kivimbe chini ya ubongo. Ndicho kilichokuwa kinamwaga homoni ya ukuaji. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nikawa bado nakua! Mikono, miguu, taya, hata ulimi. Kwetu Bariadi walisema nimerogwa. Mume wangu Magese alininunulia viatu vya kiume kwenye mitumba, akavipaka rangi nyekundu.

Siku hizi jasho limekata, kichwa hakiumi. Fundi nguo mimi, nashona vifungo tena! Lakini daktari Constantine anasema vidole si ushahidi, damu ndiyo itasema kama kivimbe kimekwisha. Nisile kitu mpaka kesho.

Alhamisi, 4 Machi
Nimechoka lakini siwezi kutulia. Nesi Mektilda aliniwekea mpira mshipani, akachukua damu, akaninywesha maji ya glukosi. Matamu mpaka kichefuchefu. Halafu damu kila nusu saa, kwa saa mbili. Kwa mwenye afya, sukari ikipanda homoni hiyo hulala. Yangu ilikuwa hailali. Chupa zimekwenda Nairobi kwenye barafu.

Sasa — jambo lenyewe. Kwenye benchi la hospitali alikaa mwanamume. Nikamtazama, nikaona uso wangu! Paji la uso, pua, taya, meno yaliyoachana. Sijawahi kuona mwingine kama mimi. Nesi akauliza kama tumezaliwa tumbo moja. Tukacheka wote, kwa sauti ile ile nzito. Anaitwa Shida, anauza dagaa Lamadi. Tukapimana viganja. Chake kikubwa zaidi. Leo mkono wangu umeonekana mdogo!

Ugonjwa ule ule, ila hajapasuliwa. Macho yake hayaoni tena pembeni. Anagonga watu sokoni, wanadhani amelewa. Daktari amemwambia asichelewe. Kwao wanamkataza, eti anayefunguliwa kichwa harudi. Akanitazama sana.

"Dada, majibu yako yakiwa mazuri, na mimi nakwenda. Yakiwa mabaya, nabaki na macho yangu haya haya."

 

Jumapili, 14 Machi
Nimesharudi Bariadi. Jana kampuni mpya ya pamba iliniagiza ovaroli kumi. Kumi! Leo kanisani nimeomba. Nimemwombea Shida kwanza, mimi baadaye. Ajabu.

Jumanne, 23 Machi
Simu! Posta, saa nne asubuhi, Magese kabanana nami kibandani. Daktari akasema kabla ya operesheni homoni ilikuwa arobaini na moja. Sasa inashuka mpaka moja nukta sita. Nikaruka. Akasema ningoje kidogo, walitaka ishuke chini ya moja. Huenda kimebaki kipande, huenda bado inaendelea kushuka. Nitapimwa tena Juni. Nikamuuliza, ni mazuri au mabaya?

"Ni mazuri. Hayajakamilika."

Magese amechinja jogoo. Na mimi nina furaha — arobaini na moja mpaka moja! Lakini Shida je? Magese anasema nimwambie tu imeshuka, hizo nukta atazielewea wapi. Nimewaza mchana kutwa. Macho ni yake, si yangu.

Jumatano, 24 Machi
Lamadi. Nyumba yake sikuitafuta. Nilipotaja jina tu, watu walitazama uso wangu wakanionyesha njia. Mkewe, Pelagia, alinipokea kama wifi.

Nilimweleza Shida yote. Arobaini na moja. Moja nukta sita. Kipande ambacho huenda kimebaki. Sikuficha kitu.

Mkono wa Shida ulikuwa unatafuta kikombe cha chai kilichokuwa kando yake, haukipati. Pelagia akakisogeza. Kisha Shida akauliza, "Walipopita puani, ulikaa siku ngapi ukipumulia mdomo?"

Nikamwambia saba.

Akaingia ndani, mkewe akamfuata. Naandika hapa uani. Nawasikia wananong'ona, mara sauti inapanda, mara kimya. Basi la Bariadi limepiga honi mara mbili. Siondoki. Moyo unanidunda kama siku ya harusi! Pelagia ametoka, macho mekundu, sweta la Shida mkononi. Ananiuliza Nairobi mwezi huu kuna baridi kiasi gani —