Sifuri Tano za Kyalo

Fedha, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumaini umeamka na nguvu na goti limepunguza kuuma. Je, baba anakula? Mimi ni mzima. Kazini bado tunapakia sabuni.

Uliniuliza kwa simu kama nimelia. Sijalia, mama. Tangu tumzike Kyalo naamka, naoga, naenda kazini, narudi. Nimeifungua shajara yangu na kuona siku nyingi nimeandika tarehe tu.

Nakuandikia kwa sababu ya swali la baba. Alisema msalaba uko tayari, jina la ndugu yangu ameshalichonga, na chini yake ameacha nafasi ya ile namba yake, milioni moja na tatu. Kyalo alishikilia kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini baba anauliza kama ni kweli; hachongi kitu asicho na hakika nacho, maana kwenye mbao hakuna kufuta.

Basi nililifungua lile daftari ambalo Kyalo alikuwa akiandikia hata akila. Alikuwa akiigawanya namba hiyo kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja. Kupita hapo hakuna haja: elfu mara elfu tayari ni milioni, kwa hiyo kama inagawanyika, kigawanyo kimoja lazima kiwe chini ya elfu. Alifika 613 akaugua. Mimi nikaanza na 617, kila saa ya chakula, kwa kalamu.

Njeri, tunayepakia naye, alinicheka. "Wee Mwende, si simu iko na kalkuleta? Ama unaogopa itakulia githeri?" Nikamweleza kwamba Kyalo hakutaka simu, alitaka kuona hesabu ikitembea. Kesho yake alikuja kunishikia karatasi zisipeperushwe na feni.

Alhamisi nilifika 997, ya mwisho. Ilibakiza kumi na mbili. Nilingoja nisikie kitu moyoni, sikusikia. Nikaosha sahani yangu.

Ijumaa nilipitia orodha yote tangu mwanzo, kama tunavyohesabu maboksi kabla lori halijaondoka. Baada ya 53, Kyalo alikwenda moja kwa moja 61. Hamsini na tisa aliiruka. Pembeni ameandika, "Mwende amepiga." Ni siku ile niliyompigia kumwambia nimepata kazi. Aliweka kalamu chini tukaongea, na aliporudi akaendelea mbele.

Nikaigawanya namba yake kwa 59 palepale pembeni. Njeri akauliza, "Imebaki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kwa hivyo imekataa kugawanyika?"

"Imekataa."

Sikulia, mama, lakini nilikaa na daftari mapajani mpaka kengele ikalia. Wino wake ni wa buluu na wangu ni mweusi. Nimeacha hivyo.

Mwambie baba achonge. Moja, sifuri tano, tatu. Azihesabu sifuri kabla ya kushika patasi.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mjomba aliyechimba kaburi bila kuombwa. Wewe kaa na goti lako kivulini.

Ni mimi binti yako,
Mwende