Kaseti Yako Tuliisikiliza Wote

Jabe, Bujumbura
Mwezi wa nne, 1998

Kwako mdogo wangu Hamoud,

Assalaam alaykum. Mi mzima, kama mutu anaweza kuwa mzima hapa siku hizi. Natumaini we na Afrah na watoto huko Muscat mko salama, na kifua chako kimepoa. Sukari imeonekana tena, lakini bei yake, wee, usiulize. Jua likizama kila mutu amejifungia kwake. Nimechoka, Hamoud, na barua hii utaisoma imechoka hivyo hivyo.

Kaseti yako Haitham aliileta alipofika safari kutoka huko, tukafurahi sana. Niliiweka kwenye redio hapa dukani maana kila mutu alitaka kusikia sauti yako: Népomuscène, fundi cherehani anayeshona barazani kwangu, na mama Adélaïde, jirani yetu wa zamani, aliyekuja na ndagala zake, vile visamaki vya ziwani, kutoka Kajaga. Ulitusalimia vizuri. Nikageuza upande wa pili, kumbe umerekodi hotuba uliyowapa watu wa huko. Ukawaambia hapa ni vita ya makabila, kwamba Warundi wanachinjana tangu enzi za mababu, iko kwenye damu yao na hakuna wa kuitoa. Watu wakakupigia makofi. Mi natafuta kitufe cha kuzima, sikioni.

Népomuscène alisimamisha mashine. Alisema kwa upole kabisa kwamba yeye ni wa upande mmoja na marehemu mke wake alikuwa wa upande mwingine, kwa hiyo nikuulize we mtaalamu, ndani ya watoto wake damu ipi iichinje ipi. Kisha akarudi kushona.

Sikatai, Hamoud. Watu wameuawa kwa sababu ya kabila lao, pande zote, na mi nimeona vitu ambavyo sitaviandika hapa. Lakini lugha yao ni moja, vilima ni vile vile, wanaoana, Imana, Mungu wanayemuomba, ni mmoja. Vita hii ina watu walioitaka. Kuna wanaogombania utawala, kuna walioleta bunduki. Ukisema ni damu, hao wakubwa umewaachilia wote, halafu umewahukumu mpaka watoto walio tumboni. Na kama ni tangu enzi za mababu, nani atahangaika na sisi? Watatuacha tumalizane. We umezaliwa hapa hapa, ndiyo maana huko wanakuamini. Hilo limeniuma kuliko yote.

Umesema wamekualika tena mwezi ujao. Kabla hujasimama, nisikilize. Kuna jambo mama alinifunga mdomo nisilitoe, na leo nalitoa, Mungu amrehemu.

Ulipozaliwa, mama alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Ya kopo ulitapika yote, ukabaki ngozi na macho. Adélaïde alikuwa na Aloys mchanga. Alikuchukua akakunyonyesha pamoja naye mpaka ukaanza kutambaa. Mi nilikuwa mutoto bado, lakini mi ndiye nilikubeba kukupeleka kwake, tukipitia uani, maana baba mkubwa angesikia kwamba mutoto wa ukoo wake ananyonya kwa Mkristo angezua balaa. Mama alinikumbusha karibu na kufa kwake, akiogopa siku moja usije ukamposa Christa, binti yake Adélaïde, kumbe ni dada yako.

Sheria ya dini yetu unaijua kunishinda: aliyekunyonyesha ni mama, na wanawe ni ndugu zako. Adélaïde ni mama yako. Na Aloys, aliyeuawa mwaka wa tisini na tano akitoka kazini, we ukaniandikia kwamba ndivyo walivyo hao watu, alikuwa ndugu yako. Hukumlilia. Mwili unaosimama huko kuwatukana Warundi ulijengwa na maziwa ya Mrundi.

Adélaïde aliisikiliza kaseti mpaka mwisho. Mi nilitamani ardhi inimeze. Apana, hakukasirika. Aliuliza tu mbona sauti yako imekauka hivyo, kama kuna mutu wa kukupikia vizuri. Tangu siku hiyo hajarudi dukani. Nimemfuata kwake Nyakabiga nikamkuta kitandani, miguu imevimba, pumzi fupi. Akaniuliza kama umeleta kaseti nyingine.

Haitham, anayekuletea barua hii, anarudi huku mwisho wa mwezi. Mpe kaseti ya Adélaïde, Hamoud. Umuite mama, kwa hicho Kirundi chako kibovu, umpe pole ya Aloys. Halafu nenda kwa watu wako ukawaambie umelelewa na nani, uone kama watapiga makofi.

Na usiniandikie kuniuliza yeye ni wa upande gani. Siku nilipokufikisha mlangoni kwake hakuniuliza sisi ni watu gani. Aliuliza tu mara ya mwisho ulinyonya lini.

Nisalimie Afrah, Yaseen mbusu kwa ajili yangu. Népomuscène naye anakusalimia, pamoja na yote uliyosema.

Dada yako,
Miza