Binti Aliyeninyima Dawa ya Minyoo

Jumamosi, Goba. Mvua imeacha asubuhi, tope jekundu limenifuata mpaka sebuleni, na sina hata nguvu za kulipiga deki.

Shajara, leo nina la kukiri.

Unajua tayari kwamba kifafa kilichonianza ukubwani kilitokana na minyoo tegu. Picha ya kichwa ilionyesha vifuko vyake kwenye ubongo. Daktari akaniandikia albendazole, asubuhi na jioni, mwezi mzima, akasisitiza nipime damu kila baada ya wiki mbili kuangalia ini. Nikaitikia vizuri sana.

Sikwenda.

Sababu yenyewe inanitia aibu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya dawa za minyoo mimi ndiye ninayesimama mlangoni na kopo, nampa kila mtoto kidonge. Ni hichohicho! Nikajiambia, kama darasa la kwanza wanakitafuna na kukimbilia mpira, mimi mtu mzima kitanifanya nini? Nilisahau kwamba wao wanakula kimoja tu, basi.

Jumatatu vidonge viliniishia, nikashuka kwa Salima, binti wa Mtwara anayeuza kwenye duka la dawa chini ya kilima. Kwa umri, ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma. Akaniamkia kwa adabu, akanitazama machoni, mkono wake ukabaki juu ya boksi.

"Mwalimu, hii unakula wiki ya tatu sasa. Majibu ya ini yako wapi?"

Nikasema sina. Akasema basi hauzi.

"Wewe si daktari!" Nilimfokea hivyo mbele ya wateja wawili.

"Ndiyo maana nakurudisha kwake, Mwalimu. Nisamehe."

Niliondoka nimefura, nia yangu nikanunue kwenye duka la Madale. Njiani nikaanza kukumbuka ule uchovu niliousingizia kusahihisha mitihani, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Hasira ikaniisha, woga ukaingia. Nikaenda kupima.

Ini limeumizwa na dawa. Daktari ameisimamisha, anasema tumewahi, likitulia tutaanza tena kwa uangalizi. Tegu bado wamo kichwani na ninaogopa, siwezi kukuficha. Lakini ningemaliza ule mwezi kwa ubishi wangu, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Namhusudu yule binti. Ningekuwa mimi nafokewa vile na mwalimu mzima, ningetoa dawa haraka aondoke.

Leo nimeshuka kumwomba radhi. Nilipanga hotuba ndefu kama ya mahafali. Kufika kaunta, kabla hajafungua mdomo, likanitoka neno moja.

"Shikamoo, Salima."

"Jamani, Mwalimu! Mie mwanao, unaniamkia?" Akajifunika uso kwa mtandio, anacheka.

Sikuondoka. Nikasubiri.

"Haya, marahaba," akasema kwa sauti ndogo, kisha akanyoosha mkono. "Lete hayo majibu niyaone."

Kipimo kingine ni Alhamisi. Naandika hapa ili nisijidanganye: nitakwenda.