Redio ya Baba Garini

Sundus, nimechoka, hata kulia siwezi. Gari limekataa kuwaka tena asubuhi hii, na hii baridi ya Julai. Jana liliwaka vizuri tu!

Fundi Okoth akaja kutoka Kariobangi, akapima betri. Akauliza mbele ya majirani waliotoka kusukuma: "Nani husikiliza redio injini ikiwa imezimwa? Betri inaisha usiku, baridi ya asubuhi inaimalizia."

Baba akaangalia viatu vyake.

Baba, Sundus! Tangu tumzike mama, jioni nyingine nyumba humshinda. Kumbe huenda kukaa garini, kwenye kiti cha mama.

Nikasema, "Ni mimi, fundi."

Mimi! Na vile ninavyoogopa watu! Wakanicheka: "Dada, si ununue redio!"

Baba alinivika sweta yake mabegani, akaenda nyuma kusukuma.